Kifuu cha Shutu Ukutani

Jumapili moja alasiri, katika miaka ile ambayo Serikali ilikuwa ikiogopa hata watu watatu wakisimama pamoja kuzungumzia mvua, Shutu mchoma chokaa aliona jambo lililomsisimua. Wanaume walikuwa wakipita nyuma ya maduka ya Msambweni, mmoja mmoja, wakitazama huku na huku kama wezi wa kuku, na kila mmoja ameshika kifuu mkononi. Wote waliingia katika banda la mbata la Mzee Salimu. Wa mwisho akafunga mlango.

Shutu hakupata kusoma, lakini hesabu ile aliiweza bila ubao wala chaki. Mwanamume, kifuu kilichokwanguliwa kikang'aa, mlango uliofungwa mchana kweupe: jawabu lake ni tembo. Kimefunguliwa kilabu kipya, tena cha siri, naye hakualikwa. Aliumia sana. Yeye alikuwa amelitumikia tembo la mnazi tangu ujana wake kwa uaminifu usio na doa. Hakuomba likizo, hakujali mvua wala msiba. Lau ingekuwako nishani ya kazi hiyo, Bwana DC mwenyewe angeteremka kutoka Kwale kuja kumvika. Leo watu wanafungua kilabu bila kumwambia?

Alikwenda nyumbani mbio, akachomoa kifuu chake kwenye makuti ya paa, akarudi kubisha.

"Hodi!"

Sauti ya ndani ikauliza, "Nani?"

"Shutu. Nimekuja na changu." Akakiinua kifuu mbele ya ufa wa mlango ili kionekane.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Salimu, ambaye alirudi kutoka vita vya Bama, kupigana na Wajapani, na goti lisilokunjika na sauti ya sajini, alimtazama Shutu, akakitazama kifuu, macho yakamlegea.

"Alhamdulillahi," akasema. "Wewe hatukukutarajia kabisa. Karibu, bwana Shutu. Karibu sana."

Shutu aliona mapokezi hayo yanalingana na cheo chake. Alikaa juu ya gunia la mbata, akakipangusa kifuu kwa pindo la shuka, akangoja. Akaletewa kikombe cha kahawa. Aliinywa kwa adabu, maana alijua vilabu vya siri vina taratibu zake. Akaletewa cha pili. Hapo wasiwasi ukaanza kumwingia. Kisha mtu mmoja akasimama, akataja jina lake, akasema kwamba tembo limemshinda. Wenzake wakaitikia, "Tumekusikia." Yule mtu akapanda juu ya gunia, akakitundika kifuu chake kwenye msumari ukutani, kifudifudi, akashuka akifuta machozi.

"Samahani," akasema Shutu. "Tembo lenyewe liko wapi?"

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomtisha.

"Hapa halipo," akasema Salimu. "Hapa ni pa walioshindwa nalo. Tulikuwa na kikao hospitalini kule Bama, sote askari, nami nikaona nikianzishe huku kwetu. Tunakaa, tunakunywa kahawa, kila mtu anasema lake. Leo nimewaagiza walete vifuu vyao. Asiyetaka kusema asiseme. Anayetaka kuondoka, mlango ule pale."

Shutu aliinuka. Aliufikia mlango, hata akaushika. Kosa lake ni kwamba hakuwa mtu wa kuondoka bila kutukana. Aligeuka ili awaambie kwamba wao ni wanaume wa namna gani, washindwe na maji ya mti. Akafungua kinywa, na badala ya maneno hayo akajisikia akisema:

"Mimi nilimwoza binti yangu kwa sababu ya kiu."

"Tumekusikia," wakasema. "Kaa."

Akakaa.

Habari yenyewe ilijulikana Msambweni nzima, ila ilikuwa haijapata kusemwa na mwenyewe. Kwao Shutu, watu wa bara ya Kwale, posa huja na vibuyu vya tembo. Wazee wa pande mbili hukaa uani. Kifuu cha kwanza hutiwa, akapewa msichana mwenyewe. Yeye hukipeleka kwa baba yake, akapiga magoti, na baba humwuliza mbele ya watu wote, "Mwanangu, ninywe nisinywe?" Akisema unywe, baba hunywa, na msichana ameolewa. Akisema usinywe, vibuyu hurudi vilikotoka na hakuna wa kumwuliza sababu. Katika shughuli nzima, hilo ndilo neno pekee alilopewa msichana. Mengine yote ni ya wanaume, na wanaume huyatumia kwa wingi.

Vibuyu vya Chome wa Kinango, mposaji wa kwanza wa Sidi, yule binti, vililetwa jioni ya kuamkia shughuli. Viliwekwa uani kwa Shutu, na jambo la kustaajabisha ni kwamba katika wazee wote wale wenye mvi, hakuna aliyeona tatizo. Kulipokucha, vibuyu vilikuwa vyepesi na Shutu alikuwa mzito. Wazee walivitikisa, wakatazamana. Chirau, kaka yake mkubwa, akakohoa, akatoa hukumu: koo la baba limekunywa, binti amekwenda. Sidi hakuulizwa. Alikuwa na neno moja tu, nalo baba yake alikuwa amelimeza.

Chome hakuwa mume mwema. Baada ya mavuno mawili Sidi alirudi kwao na mkono wa kushoto uliovunjika ukaunga vibaya. Aliingia jikoni, akachukua mchi, akaanza kutwanga kwa mkono uliobaki.

Hayo ndiyo Shutu aliyoyasema juu ya gunia la mbata. Alipomaliza alipanda, akakitundika kifuu chake.

Sheria ya banda ilikuwa moja. Mtu akionja, hata tone, atakuja mwenyewe, atakishusha kifuu chake mbele ya wenzake, na atakaa nacho mapajani mpaka kikao kimalizike. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa.

Kwa kuwa zama zilikuwa zama za hatari na huko bara watu walikuwa wakikamatwa kwa viapo vya kuipinga Serikali, habari za wanaume wanaojifungia na kutundika vitu ukutani zilimfikia chifu upesi. Akamtuma askari wake, Kombe, akasikilize. Mzee Salimu akaonya kwamba neno "kiapo" lisitamkwe kabisa. Waseme "ahadi", na hata hiyo waiseme polepole. Kombe alikaa mlangoni na rungu lake, Jumapili baada ya Jumapili, masikio yamemsimama, akingoja siasa. Alisikia habari za mtu aliyelala katika kaburi lililochimbwa kwa ajili ya mwingine. Alisikia za mtu aliyekojoa juu ya mkeka wa mkwewe. Siasa haikuja. Mwishowe alisimama, akapiga saluti, akasema, "Mimi Kombe. Limenishinda tangu nikiwa depo ya mafunzo." Kifuu chake kilitundikwa karibu na cha Shutu, na chifu akaambiwa kwamba mle bandani hamna hatari, ni wagonjwa tu.

Watu hudhani kwamba mtu akiacha tembo hufurahi. Shutu hakufurahi. Kazi ya chokaa hukausha koo kuliko kazi yoyote. Asubuhi hadi jioni alikuwa akipanga matumbawe na magogo tanuuni, moto ukimla uso, na mwisho wake ni maji ya mtungi. Tena sasa alikuwa akiona. Aliona paa la nyumba yake lilivyooza. Aliona kwamba Dama, mkewe, alipomwandalia chakula alitazama nguzo ya mlango. Zaidi ya yote aliuona mkono wa Sidi, kila siku, ukishikilia kinu kwa namna ya mkono usiokuwa wake.

Siku moja alijaribu kumwambia Dama kwamba amejitahidi.

"Hongera," akasema Dama. "Wengine hatukuanza kunywa, na wala hatupewi kahawa."

Hapo ndipo alipotokea Rai, fundi wa baiskeli kutoka Bongwe. Alikuja kununua chokaa ya kupaka duka lake. Akaja tena, akisema kwamba haikutosha. Alipokuja mara nyingine, duka lile lingekuwa limepakwa hata ndani ya makufuli. Sidi alianza kucheka, kicheko kidogo cha puani, ambacho Shutu alikuwa amekisahau. Kisha Rai akatuma wazee.

Chirau alikuja na habari hizo akiwa ameshavaa koti la shughuli.

"Vibuyu vinakuja Ijumaa asubuhi," akasema. "Asubuhi! Jioni wameogopa, na sababu unaijua."

"Kaka, mimi sinywi siku hizi."

"Nani aliyesema kunywa? Ni kifuu kimoja."

"Unywe wewe kwa niaba yangu."

Chirau alimtazama kama mtu aliyesikia mbuzi akiadhini. "Mimi ndiye baba yake? Nikinywa mimi, watu watasema Sidi hana baba. Mara ya kwanza ulikunywa ulipokuwa hutakiwi. Leo unatakiwa, umekuwa sharifu!"

Jumapili hiyo mambo yakapelekwa bandani. Kombe askari ndiye aliyetoa shauri la kwanza.

"Tui," akasema. "Tui la pili, jepesi. Rangi ni moja. Ulikamulie ndimu kidogo lichachuke. Nani atajua?"

Wote wakaona fahari kwamba usalama wa wilaya umo mikononi mwa mtu mwenye akili kama hiyo.

"Mzee wao hunywa kwanza," akasema Shutu, "kutuonyesha kwamba hakikutiwa uchawi. Atajua kwamba ni tui la wali."

"Basi nikukamate. Ijumaa alfajiri nakutia ndani, kosa nitalitafuta. Jioni nakufungulia."

"Na Sidi aposwe na nani? Na wewe?"

"Mimi nina mke," akasema Kombe kwa huzuni.

Mzee Salimu alilipapasa goti lake. "Umemwambia binti?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unaogopa."

Shutu alisema atamwambia. Jumatatu alikwenda mpaka mlango wa jikoni, akasimama. Sidi akamwuliza, "Unataka moto, baba?" Akasema ndiyo, akapewa kijinga cha moto, akaondoka nacho hali hakukihitaji. Kumwambia mtoto uliyemvunjia maisha kwa koo lako kwamba koo lilo hilo sasa linaomba huruma, hayo ni maneno yasiyo na mwanzo. Jumanne hakwenda. Siku zilizobaki alijipa kazi tanuuni.

Ijumaa ikafika. Mikeka ilitandikwa uani. Wazee wa Rai walikaa upande huu, Chirau na wazee wake upande ule, na Shutu katikati kama mshtakiwa. Rai alikuwa amevaa shati jeupe, akitazama magoti yake. Vibuyu vilifunguliwa, harufu ikatoka. Mtu asiyepata kulipenda tembo hawezi kuelezwa harufu ile. Na aliyelipenda hana haja. Mzee wa upande wa Rai akanywa funda la kwanza, akapangusa midomo, akasema ni salama. Kisha kifuu kikajazwa, akapewa Sidi.

Sidi alikuja nacho taratibu, mkono mzima chini, mkono mbovu juu yake, asimwage. Akapiga magoti. Povu lilikuwa bado linapumua.

Shutu alijisafisha koo. "Mwanangu," akasema, "ninywe nisinywe?"

Sidi hakuutazama uso wake. Aliitazama mikono ya baba yake, iliyokuwa imekamata mapaja.

"Usinywe, baba."

Rai alizidi kuinamisha kichwa, lakini hakushtuka. Hilo Shutu alikuja kulikumbuka baadaye.

"Mwanangu," akasema Chirau, "umesikia vizuri? Ni Rai huyu huyu."

"Nimesema asinywe, baba mkubwa."

Wazee wa Rai walianza kutafuta vizibo vya vibuyu. Shutu akaona yote kwa mara moja. Binti yake anamwacha mwanamume anayemtaka ili baba yake apate kuacha kifuu ukutani. Atazeekea pale jikoni, atatwanga kwa mkono mmoja mpaka atakapokufa, na watu watasema, tazama, mzee aliponywa. Hapana. Mara moja tu katika maisha yake, koo lile lililofanya ubaya lingefanya jambo jema. Hayo ndiyo aliyoyawaza, na yalikuwa mawazo ya baba. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine kisichowaza. Kilikuwa kikinusa.

Alikichukua kifuu kutoka mikononi mwa Sidi. Sidi alikishikilia kidogo, mkono mbovu ukateleza. Shutu akanywa. Hakuonja, alikunywa mpaka chini, kichwa amekiinua, na tembo lilikuwa tamu, la asubuhi ileile, kama kwamba halikupata kumwacha hata siku moja.

"Baba amekunywa," akasema mzee wa upande wa Rai, hajui acheke au aondoke.

Chirau akakohoa. "Koo la baba limekunywa," akasema. "Binti amekwenda."

Maneno yalikuwa yale yale. Mwanamke mmoja nyuma ya ua alianza kigelegele, akakikatiza.

Kuhusu kifuu kilichofuata, na kile kilichofuata hicho, hakuna aliyekuja kusema kwa hakika nani alimtilia. Kwa desturi, vibuyu vikishapokelewa ni vya nyumba ile, na mwenye nyumba alikuwa yeye. Adhuhuri alikuwa akiimba. Alasiri alikuwa akiwaeleza wageni kwamba yeye ni baba aliyejitoa mhanga. Jua lilipoinama alikuwa amelala kifudifudi karibu na kinu, na Dama alipita, akaruka miguu yake, akaenda kuanua nguo.

Sidi alimkuta baba yake tanuuni asubuhi ya kuondoka, mzigo wake kichwani. Rai alikuwa akimngoja barabarani na baiskeli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Shutu hakuweza kuinua uso. Kichwa kilimgonga. "Nilikunywa kwa ajili yako, mwanangu."

"Nilijua utasema hivyo."

"Ulikuwa humtaki Rai?"

"Namtaka." Sidi aliutua mzigo. "Tulikwisha kupatana, mimi na yeye na mjomba wake. Baba mkubwa Chirau asingekubali posa ya madafu badala ya tembo bila ya kwanza kuletwa vibuyu. Basi viletwe, niseme usinywe, virudi. Mwezi ukiandama wangekuja na madafu, na kila mtu angeshukuru kwamba wamerudi. Mjomba wake alisema mwenyewe, mzee ameacha, tusimtie majaribuni."

Shutu alikaa juu ya gogo. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja mlangoni Jumatatu. Nilingoja useme, nami ningesema. Ukaomba moto." Sidi akaukaza mzigo wake. "Tena nilitaka kuona, baba. Mara moja tu nikwambie usinywe, na wewe usikie. Nilikuwa na neno moja. Sasa umelimeza mara mbili."

Akajitwika mzigo kwa mkono mmoja. Shutu aliinuka amsaidie, lakini mikono yake ilikuwa na chokaa, na Sidi alikuwa amevaa kanga mpya. Akabaki amesimama. Sidi alikwenda mpaka barabarani, akapanda nyuma ya baiskeli, na kwa kuwa alikuwa ameolewa na mtu anayempenda, Rai alipomwambia neno alicheka kile kicheko cha puani. Shutu alikisikia kutoka pale alipo. Hakikuwa kwa ajili yake.

Jumapili alikwenda bandani. Wenzake walikuwa wameshasikia. Msambweni haina habari inayolala njaa. Alipanda juu ya gunia, akakishusha kifuu, na ukutani pakabaki duara safi katikati ya masizi. Akakaa nacho mapajani.

Mzee Salimu alingoja. Kisha akauliza, bila sauti ya sajini, "Ulikunywa kwa ajili yake, au kwa ajili ya koo?"

Shutu alikitazama kifuu kwa ndani. Alitafuta jawabu kwa uaminifu, akarudi uani kwa mawazo, akakichukua tena kifuu kutoka katika ile mikono miwili, akajaribu kujikamata pale pale kabla ya funda la kwanza. Hakumwona mtu wa kumkamata.

"Aliniambia nisinywe," akasema.

"Tumekusikia," wakaitikia wote.

Kahawa ikazungushwa. Vikombe vilikuwa pungufu, kwa kuwa siku hiyo walikuwa wamekuja wageni wawili. Kombe alisimama mbele ya Shutu na birika, akatazama kulia, akatazama kushoto, na kwa kuwa hakuona chombo kingine, akamtilia katika kifuu.

Ilikuwa chungu, tena ya moto. Shutu akainywa yote.